Damu ya Mtu Nisiyemjua

Je, kuweza kutenda jambo kunamtia mtu deni? Swali hili limenikaa moyoni tangu nianze kusoma habari za vifaa vipya vya kuzuia damu itokayo kwenye majeraha makubwa. Mtu aliyekatika mshipa mkubwa wa paja aweza kufa kwa dakika chache. Zamani wapita njia waliomzunguka walikuwa na udhuru: sisi si waganga, tungefanya nini? Wakamwonea huruma, wakasubiri gari.

Udhuru huo unazidi kupungua. Mkanda wa kukaza mguu au mkono uvujao damu si kitu kigeni. Mfaransa Jean-Louis Petit alitengeneza ule wa parafujo mwaka 1718. Lakini kwa miaka mingi walimu wa huduma ya kwanza waliuogopa, wakisema huua kiungo. Vita vya Iraki vikaigeuza hoja. Uchunguzi wa majeruhi 232 waliofungwa mikanda, uliofanywa katika hospitali ya kijeshi mjini Baghdad na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba waliofungwa kabla mwili haujalegea kwa kupungukiwa damu walipona 9 katika kila 10. Waliocheleweshwa, alipona mmoja tu katika 10. Wala hakuna aliyepoteza kiungo kwa sababu ya mkanda peke yake.

Mahali pasipofungika, kama kinenani na kwapani, kuna shashi zilizotiwa udongo mweupe wa kaolini, au kitosani itokanayo na magamba ya kamba wa baharini (yale yale tunayoyatupa jalalani!). Mwaka 2014 Marekani iliruhusu jeshi lake kutumia bomba linalosukuma sponji ndogondogo ndani ya tundu la risasi. Hufura kwa sekunde kama 20 na kuliziba. Kila sponji ina alama ionekanayo kwenye eksirei, ili daktari asije akaisahau mwilini. Jambo hilo dogo nalipenda kuliko ufundi wote uliobaki. Aliyelibuni alimfikiria majeruhi kama mtu atakayeishi.

Wako wanaonung'unika kwamba elimu hii imenunuliwa kwa vita. Ni kweli, lakini kuikataa hakumrudishii askari yeyote damu yake. Kinachonikera mimi ni safari yake: hutoka vitani, ikapita kwa polisi wa nchi tajiri, na kwa kijana wa bodaboda aliyevunjika paja barabarani ikafika mwisho, kama ikifika.

Hata hivyo nisijifiche nyuma ya umaskini. Kushindilia jeraha kwa kitambaa safi na uzito wa mikono miwili, bila kuachia, hakuhitaji kiwanda. Mfuko wa plastiki waweza kuwa glavu kwa anayehofia maradhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, nayo ni sheria njema, ila majeruhi huanza kuvuja damu kabla hajafika mlangoni pa hospitali. Pale barabarani tupo sisi tu.

Husemwa kwamba asiyejua hana kosa. Sawa. Na aliyealikwa kujifunza kwa saa moja akasema hana nafasi, naye tumwiteje? Siku hizi naliuliza hilo kila nipitapo kijiweni pa bodaboda, nikiwatazama vijana wale wanaonijua kwa jina.