Tusimfanye Hana Mlevi

Somo: 1 Samweli 1:9–18



Mwezi huu tumependa tutafakari pamoja habari za Hana, mke wa Elkana, alipokwenda kusali Shilo. Kisa chake mnakijua. Alikuwa na uchungu mwingi, akakaa muda mrefu mbele za Bwana. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Kuhani Eli alikuwa ameketi karibu, akamwona. Hakumwuliza ana nini. Alimhukumu papo hapo kuwa amelewa, akamkemea.

Wako ndugu ambao kila siku wamo katika hali inayofanana na ile. Maneno wanayo, midomo inafunguka, lakini sauti inakwama. Hukwaruza, au hukatika katikati ya neno, au hutoka nyembamba kama iliyobanwa. Asubuhi huenda ikawa nafuu. Jioni imekwisha, na shingo inauma kama ya mtu aliyebeba mzigo kutwa. Magonjwa ya sauti yapo mengi, lakini hili tunalosema leo linatokana na misuli ya koo kukaza kupita kiasi.

Mungu ameweka ndani ya kikoromeo nyuzi mbili ndogo. Pumzi inapopanda kutoka mapafuni, nyuzi hizo hutetemeka, kiasi cha mara 100 kwa sekunde moja kwa mwanamume na mara 200 hivi kwa mwanamke, na ndipo sauti inapotoka. Misuli inayozizunguka hukaza na kulegea kwa kipimo. Kwa mgonjwa wa namna hii misuli hukaza, na kulegea haitaki. Daktari akipitisha kamera ndogo puani na kutazama, mara nyingi huona nyuzi zenyewe ni nzima, hazina uvimbe wala kidonda. Shida ni jinsi zinavyobanwa. Pengine jambo lilianza na mafua makali: mtu aliilazimisha sauti itoke, misuli ikazoea ule mkazo, na mafua yalipokwisha mkazo ukabaki. Kwa wengine chanzo ni kutumia sauti mno, kwa wengine tindikali ya tumbo inayopanda kooni, na kwa wengine ni hofu au huzuni ya muda mrefu.

Sasa tazameni maisha yetu hapa Miono. Mwalimu husimama mbele ya darasa lililojaa, akapaza sauti tangu asubuhi hadi mchana. Mama humwita mwanawe aliye ng'ambo ya shamba. Mazao yakikomaa hupigwa kelele mchana kufukuza ngedere, na usiku kufukuza nguruwe mwitu. Mwinjilisti huhubiri chini ya mwembe bila kipaza sauti, na jioni huwafundisha wanakwaya. Wote hao hula kwa koo, au humtumikia Mungu kwa koo. Mwalimu ambaye sauti imemwishia haogopi maumivu tu; anaogopa kazi yake na karo ya watoto wake.

Na juu ya mzigo huo huongezwa mwingine, nao ni hukumu ya Eli. Wengine husema, "Anajifanya. Mbona jana alicheka, na kicheko kilitoka safi?" Ndugu, hiyo si dalili ya uongo. Kwa baadhi ya wagonjwa hawa kicheko au kikohozi hutoka wazi, kwa kuwa hapo misuli haikupata nafasi ya kujikaza kama inavyojikaza mtu anapotaka kusema. Wengine husema amelogwa, wakaanza kumtafuta jirani wa kumlaumu. Wengine humpeleka akakatwe kimio. Kimio si chombo cha kutoa sauti, na kisu cha mtaani huleta damu nyingi na vidonda vyenye usaha. Mgonjwa aliyekwenda na koo iliyokaza hurudi na koo iliyokaza na jeraha juu yake.

Hata watakatifu walipatwa na shida ya sauti. Mtakatifu Augustino, Mwafrika mzaliwa wa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema huko Milano, Italia. Mwaka 386, kwa wingi wa kazi ya kufundisha, kifua chake kilidhoofika, akapumua kwa shida, na sauti ikakataa kusema wazi wala kwa muda mrefu. Habari hiyo ameiandika mwenyewe katika kitabu chake cha Maungamo. Hatusemi kwamba ugonjwa wake ulikuwa huu wa misuli. Yeye alitaja kifua. Lakini mtu aliyeishi kwa ulimi wake alinyang'anywa chombo chake cha kazi. Aliacha kazi ile, akapumzika, na Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa. Baadaye akawa Askofu wa Hippo, akahubiri miaka mingi hadi alipofariki mwaka 430. Mungu hakumtupa siku sauti ilipokataa.

Basi tufanye nini? Mambo matatu.

Kwanza, mgonjwa aende hospitali. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu au nne, isiachwe hivi hivi, maana huenda ikawa ni ugonjwa mwingine ulio mzito zaidi. Aanze kituo cha afya, apewe barua ya kwenda Tumbi, Kibaha, na ikibidi Muhimbili kwa mabingwa wa masikio, pua na koo. Safari hiyo ni ndefu na nauli ni fedha. Hapa ndipo sadaka ya upendo ina kazi. Ugonjwa huu wa misuli kwa kawaida hautaki kisu. Mgonjwa hufundishwa kupumua taratibu, kulegeza mabega na taya, kuvumisha sauti polepole midomo ikiwa imefumbwa, na kukandwa shingo na mtu aliyesomea kazi hiyo. Wataalamu hao ni wachache katika nchi yetu, na mazoezi huchukua wiki na miezi, lakini wengi hupata nafuu. Kuomba na kutibiwa havigombani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemweka.

Pili, tusimlazimishe. Kumwambia mgonjwa huyu, "Paza sauti, hatukusikii," ni kumwambia mwenye fundo akaze kamba zaidi. Hata kunong'ona kwa nguvu hukaza koo. Katika mlima Karmeli manabii wa Baali walipiga kelele tangu asubuhi, na hawakupata jibu. Lakini Eliya alipofika Horebu, Bwana hakuwa katika upepo, wala tetemeko, wala moto. Alisema naye kwa upole. Mungu wetu si kiziwi. Asiyeweza kupaza sauti katika mkesha hajapungukiwa imani.

Tatu, tumsogelee. Musa alipomweleza Bwana kwamba ulimi wake ni mzito, Bwana hakumwagiza aseme kwa nguvu zaidi. Alimpa Haruni ndugu yake. Hivi ndivyo parishi inavyopaswa kuwa. Kama msomaji wa masomo sauti imemkwama, asomewe na mwenziwe, lakini jina lake lisifutwe katika orodha. Mwanakwaya akae na wenzake, ashike kitabu cha nyimbo. Katika baraza la kanisa aandike, kisha yasomwe aliyoyaandika. Nasi tunaposali pamoja, tukumbuke kwa nini Kanisa limetupa sala za kusemwa na wote. Mmoja akishindwa katikati ya Imani, jirani yake anaendelea, na mbele za Mungu wote wawili wamesema. Amina ya parishi nzima inambeba aliyenyamaza.

Mwisho, tusimwache Eli katika kosa lake. Hana alimjibu kwa heshima kwamba hakulewa, bali alikuwa akiimimina roho yake. Mzee yule alisikiliza, akageuka, akambariki. Hana akaenda zake akala chakula, na uso wake haukuwa tena wa huzuni. Mtoto bado hajazaliwa! Alichopata siku ile ni kusikilizwa na kuaminiwa, na tayari kilimfungua. Kila Jumapili mlangoni mwa kanisa tunaweza kumpa ndugu yetu kitu hicho hicho.

Tuombe: Ee Bwana, usikiaye hata yasiyotamkwa, uwalegeze waliobanwa kooni na moyoni, uwape waganga wetu hekima, nasi utupe masikio ya kungojea, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.