Mtenda Kazi na Ujira Wake



Bwana wetu alipowatuma wale sabini, aliwafundisha kwamba afanyaye kazi anastahili kulipwa (Luka 10:7). Neno hili twalijua sana. Na tulipime kwa maisha ya mtunzi mmoja ambaye wengi wetu hatujapata kusikia jina lake.

Samuel Coleridge-Taylor alizaliwa London mwaka 1875. Baba yake alikuwa daktari Mwafrika wa Sierra Leone. Mama yake, Mwingereza, ndiye aliyemlea huko Croydon. Tangu utotoni alipiga fidla na kuimba katika kwaya ya kanisa.

Mwaka 1898, akiwa na miaka 23 tu, utungo wake wa kwaya na okestra, "Hiawatha's Wedding Feast", uliimbwa mara ya kwanza. Kwaya za Uingereza na Marekani zikaupenda mno. Lakini alikuwa amemwuzia mchapishaji haki zote kwa ginea 15, yaani pauni 15 na shilingi 15. Vitabu vikauzwa kwa wingi, na faida ikawa ya mchapishaji. Mtunzi akaendelea kufundisha na kuongoza kwaya huku na huku ili alishe nyumba yake. Mwaka 1912 nimonia ikamwua, akiwa na miaka 37, akaacha mjane na watoto wawili. Miaka 2 baadaye watunzi wa Uingereza wakapata chama cha kutetea malipo yao, na kisa chake hutajwa miongoni mwa vilivyowaamsha watu.

Hatusemi kwamba sheria ilivunjwa, mapatano yalifuatwa. Lakini Yakobo, katika sura ya 5, atuonya kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na Mungu husikia. Yaliyo halali kwenye karatasi yaweza kuwa bado si haki mbele zake.

Basi, ndugu, tumwangalie mwalimu wetu wa kwaya. Ni rahisi kusema, "Yeye anamwimbia Bwana," kana kwamba watoto wake hula nota! Tumpe nauli yake na posho yake bila kungoja aombe. Na tuimbapo wimbo wa mtunzi aliye hai, tumtaje jina, wala tusiuze kanda zake pasipo idhini yake.

Bwana atujalie kuwaheshimu watumishi wake wangali hai. Amina.