Ardhi Nayo Hurithisha

Twauliza: mbona homa ya malaria, ambayo kwetu pwani ni jambo la mazoea, iliua watu wengi Kisii na Nyamira katika miaka ya 1990? Jawabu li katika ardhi. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Baridi yake humzuia mbu, kwa hivyo miili ya wenyeji haikuzoea kupigana na homa. Ukizidi mvua na joto, mbu hupanda, na msiba humpata mkubwa na mdogo.

Sisi tumeishi na mbu tangu dahari, na baadhi yetu tumerithi damuni alama ya selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison alibainisha kuwa alama hiyo humkinga mtu na malaria. Lakini wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mtoto ana hatari, moja katika nne, ya kuugua selimundu.

Basi si haki kumwita Mkisii dhaifu, wala kumtuhumu mama wa mtoto mgonjwa kwamba ana mkosi. Hapana aliyechagua ardhi ya babu zake. Hiari yetu ni kupima damu kabla ya nikaha, kutundika chandarua, na kufukia madimbwi. Atakayeyapuuza hayo asiisingizie ardhi.