Pomboo Wanaitana kwa Majina

Ukifungua Kutoka 25 katika Biblia ya Union utamkuta Musa akiagizwa apokee matoleo ya watu kwa ajili ya hema: dhahabu, fedha, nyuzi za rangi, mti wa mshita na, katikati ya hayo yote, ngozi za pomboo. Sura inayofuata inazipa kazi yake, kulifunika hema juu kabisa, kwenye jua na vumbi. Wajuao Kiebrania wanabishana hadi leo mnyama huyo alikuwa nani hasa. Mabishano yao nawaachia. Mimi nawatazama wale watu wa nchi kavu, wenye kiu, wakimwabudu Mungu chini ya ngozi ya mnyama wa baharini. Sisi tusiwashangae. Mji wetu huu wa vumbi na reli, Sultan Hamud, unaitwa kwa jina la Hamoud bin Mohammed, sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902, mtu wa visiwani.

Huyo pomboo si samaki. Ana mapafu, ana damu moto, ananyonyesha. Na kuna jambo moja ambalo mtu wa Makueni atalielewa upesi kuliko mtu wa Mombasa: anaishi ndani ya maji na hayanywi. Maji ya chumvi hayamfai kwa kiu. Mengi anayoyahitaji huyapata katika samaki anaowala. Sisi tunaosubiri mabomba ya Nolturesh yatoe, huku mitungi ya lita 20 imepangwa foleni, hatuhitaji kuelezwa maana ya kuzungukwa na kitu usichoweza kukinywa.

Zaidi ya hapo, hapumui bila kukusudia. Wewe ukilala, mapafu yako yanaendelea na kazi yake hata kama hukusali kabla ya kulala. Pomboo kila pumzi huikusudia: lazima apande juu, afungue tundu lililo utosini, avute hewa, azibe, ashuke. Ndiyo maana hulala nusu ya ubongo, nusu nyingine ikikesha, na mara nyingi jicho moja liko wazi. Mtoto huzaliwa chini ya maji, kwa kawaida mkia ukitangulia, na asipofika juu upesi atakufa kabla hajavuta hata pumzi moja. Mama humsindikiza, ikibidi humsukuma kutoka chini. Wakati mwingine jike mwingine huwa karibu kusaidia. Mwezi wa kwanza mama na mtoto huogelea karibu usiku na mchana bila mapumziko ya maana. Hata mkubwa akiumia, wenzake wameonekana wakimbeba juu ya migongo yao ili tundu lile lifike hewani.

Watajuaje nani amepungukiwa? Hapa ndipo panaponivutia. Mtoto wa pomboo hapewi jina na babu wala nyanya kama watoto wetu wa Ukambani. Katika miezi yake ya kwanza hujitungia mluzi wake mwenyewe, kwa kusikiliza sauti zinazomzunguka, na mluzi huo humtambulisha maisha yake yote. Mwaka 2013 Stephanie King na Vincent Janik wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, walipeleka spika chini ya maji na kuwachezea pomboo wa porini miluzi ya namna hiyo. Pomboo aliposikia mluzi wake aliitikia. Mwaka huohuo Jason Bruck alionyesha kwamba pomboo wa kufugwa waliutambua mluzi wa mwenzao wa zamani baada ya kutengana naye zaidi ya miaka 20. Kuna washirika wetu waliohamia Emali juzi tu, na tayari tunawasahau.

Hawa pomboo hawako Uskoti peke yake. Wako hapa Kenya, Shimoni na Wasini, katika hifadhi ya Kisite-Mpunguti, ambako watafiti wakishirikiana na Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) huwatambua mmoja mmoja kwa pezi la mgongoni: huyu ana mkato, yule pezi limechanika ncha. Wako Kizimkazi, Unguja, ambako wavuvi waliwahi kuwaua ili nyama yao iwe chambo cha papa, kabla ya watalii kuanza kulipa kuwatazama. Sasa maboti huwafukuza hadi wakakosa kupumzika. Sijui kama huko ni kupendwa.

Lakini nisiwafanye malaika. Madume hufanya muungano, wawili watatu, na kumzingira jike mmoja asipate pa kutokea. Watoto wameuawa na pomboo wakubwa. Na wale walio kwenye muungano wanaitambua vyema miluzi ya wenzao. Kujuana majina peke yake si utakatifu. Hata wezi wa mifugo wanajuana.

Hata hivyo, asiyejua jina lako hatajua umezama. Mji wetu ni wa barabarani. Malori yanalala, yanaondoka. Siku ya soko umati unafurika, na wote tunaitana "kastoma" na "bosi". Tabia hiyo imeingia hadi kanisani. Niliwahi kusimamia mazishi ambapo mwakilishi wa kikundi, alipoitwa atoe salamu, alichungulia karatasi ya ratiba ili aweze kulitaja jina la marehemu. Marehemu huyo alikuwa akiketi nyuma yake Jumapili baada ya Jumapili. Kisha ukasomwa wasifu, kurasa tatu, majina yote mpaka wajukuu. Mchango ulikuwa mkubwa. Hospitali aliyolazwa ni mwendo wa miguu kutoka kwa huyo mtoa salamu.

Paulo alipowaandikia Warumi alikuwa hajakanyaga Rumi, lakini sura ya 16 imejaa majina ya watu wa huko, zaidi ya ishirini, na wengi ana neno lake la kuwasemea: huyu alifungwa pamoja nami, yule ametaabika sana. Mmoja anamtaja kama tunavyofanya hapa, mama yake Rufo, na anasema amekuwa mama kwake pia. Sura hiyo huwa tunairuka. Jumapili ijayo hairukwi: itasomwa yote, na vijana wa zamu waanze mazoezi leo, maana Asinkrito na Flegoni hawatamkiki kwa kubahatisha. Baada ya somo, kabla ya matangazo, kila mmoja atamgeukia aliye nyuma yake na kumuuliza anaitwa nani. Wazee wa kanisa wataanza.