Kihispania na Kumbukumbu za Kwetu

Hapa kwetu ikiwa saa kumi na mbili asubuhi, Quetzaltenango nchini Guatemala ni saa tatu usiku wa jana. Mji huo uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi yake ni kali. Vijana wa nchi nyingi huenda huko kujitolea na kujifunza Kihispania, mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, wakilala katika nyumba za wenyeji.

Upweke huwakuta zaidi wakati wa chakula. Mama mwenye nyumba anapiga tortilla viganjani, harufu ya mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa imejaa jikoni, watoto wanacheka, na mgeni hajui wanacheka nini. Hapo ndipo anapokumbuka nyumbani mpaka kifua kinabana. Lakini miongoni mwa wenyeji hao kuna Wamaya wengi, watu wenye lugha zao wenyewe, na baadhi ya wazee wao nao walikikuta Kihispania shuleni, kigeni kabisa. Ndiyo maana huwa na subira kubwa, nami nawaheshimu kwa hilo.

Kama una ndugu ughaibuni, usianze kumwuliza amejifunza nini. Mwulize amekula nini, kisha mwache aongee Kiswahili mpaka atosheke.