Je, Uovu Umo Ndani ya Dawa?



Twaulizwa mara nyingi: Dawa iwezayo kumfanya mtu mtumwa wake, je, ni kitu kiovu, hata Mkristo asiipokee kwa mkono wa daktari?

Na tuitazame sheria ya Marekani ya mwaka 1970, iliyozigawa dawa hizo katika madaraja 5. Sheria hiyo huuliza: dawa hii yaweza kutumiwa vibaya kwa kiasi gani? Humfunga mtu kwa nguvu gani? Tena, ina kazi gani katika uganga? Daraja la 1 lina heroini, isiyokubaliwa huko kwa uganga wo wote. La 2 lina mofini: hatari yake ni kubwa, lakini inakubaliwa, na cheti chake hakitumiki mara ya pili, sharti daktari aandike kingine. La 3 lina ketamini, la 4 diazepamu, na la 5 dawa za kikohozi zenye kodeini kidogo.

Basi angalieni neno hili. Heroini hutengenezwa kwa mofini. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliiuza kuwa dawa ya kikohozi. Na Uingereza madaktari huruhusiwa kuwapa wenye maumivu makali, kwa jina la diamofini. Kitu ni kile kile, bali hukumu za watu ni mbalimbali. Kwa hiyo twaona kwamba madaraja hayapimi dhambi, hupima hatari. Dhambi haikai ndani ya chupa. Hutoka moyoni mwa mtu.

Wako wanaokosa kwa hofu. Mgonjwa wa saratani hulia usiku kucha, na jamaa zake huikataa mofini kwa kuwa asili yake ni afyuni. Huo si utakatifu, ni ukatili usiojijua. Jirani zetu wa Uganda walifanya vema: mwaka 2004 sheria yao iliwaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuwaandikia wagonjwa mofini, ili wakaao mbali na madaktari wasife kwa mateso.

Wako pia wanaokosa kwa tamaa. Dawa iitwayo OxyContin ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1996, nayo ilikuwa katika daraja la 2, chini ya ulinzi mkali. Hata hivyo mwaka 2007 kampuni ya Purdue Frederick ilikiri mahakamani kwamba ilitangazwa kwa udanganyifu, kana kwamba haiwafungi watu kama dawa nyingine. Ua ulikuwapo, lakini uovu ulipita mlangoni, na cheti mkononi.

Hivyo ndivyo ilivyo sheria yo yote. Ua huwazuia ng'ombe wasiingie shambani, lakini haulimi shamba. Yampasa daktari aandike kwa kweli, mgonjwa atumie kwa kipimo alichopewa, wala asimgawie jirani, na wa nyumbani waitunze dawa mahali pa salama. Na yule aliyekwisha kufungwa, tusimpe daraja la 1 miongoni mwa watu, kana kwamba hafai kitu. Sheria yaweza kuipanga dawa. Mtu aliyenunuliwa kwa damu ya Kristo hana daraja. Tumpeleke kwa waganga, tumwombee, tuketi naye.