Kula Mbegu au Kulala Njaa

Katika nchi kame inayouzunguka mji mdogo wa Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, mtama na pamba hutegemea mvua isiyo na ahadi. Mvua ikikosekana, kaya nyingi hufikiwa na siku ambayo ghala limebakiwa na kapu moja tu, nalo ni la mbegu. Watoto wana njaa leo, na msimu wa kupanda u mbali. Mbegu ikiliwa, leo itapita salama, lakini mwaka ujao hautakuwa na shamba. Mbegu ikihifadhiwa, shamba litakuwapo, ila yamkini atakayelilima hatakuwapo. Swali hili ni la kale kuliko vitabu, wala haijapata kutokea kaya iliyolijibu mara moja kwa daima.

Swali hilohilo huulizwa katika michezo, ingawa huvikwa nguo nyingine. Timu ambayo nguvu zake zimepungua ifanye nini? Je, iwaache wachezaji wake wakongwe, iwaingize vijana, na ivumilie kushindwa miaka kadhaa kwa tumaini la ubingwa wa baadaye? Au ikusanye kila ilicho nacho na kuwania ushindi wa mwaka huu huu? Wapenzi wengi wa mpira huliona jambo hili kuwa la hesabu na ufundi. Kwa hakika ni jambo la maadili, kwa kuwa ndani yake limo swali la nani atalipa deni la nani.

Ziko nchi ambazo jibu laonekana kuwa jepesi. Huko Marekani, katika mchezo wa besiboli, timu ya Houston Astros ilipoteza michezo 106 mwaka 2011, ikapoteza 107 mwaka 2012, na 111 mwaka 2013, kati ya michezo 162 ya kila msimu. Aibu hiyo ilikuwa na faida. Kwa kanuni za ligi ile za wakati huo, timu iliyofanya vibaya ilipewa nafasi ya mbele katika kuchagua vijana wapya, wala hakuna timu inayoshushwa daraja kwa kushindwa. Vijana wakachaguliwa, wakakomaa, na mwaka 2017 Houston ikatwaa ubingwa. Waliosema kuwa subira yavuta heri wakapata shahidi. Lakini mwaka 2020 uchunguzi wa ligi ulitangaza kuwa katika msimu ule ule wa 2017 timu hiyo ilitumia kamera kuiba ishara za wapinzani wake. Haiwezekani kusema kuwa subira ndiyo iliyozaa udanganyifu. Hata hivyo yawezekana kusema kuwa subira peke yake haikuwafundisha uadilifu. Aliyejinyima kwa muda mrefu huweza kuanza kuona kuwa ushindi si kitu cha kutafutwa tena, bali ni haki yake aliyocheleweshewa.

Tanzania haina kanuni hiyo ya kumbembeleza aliyeshindwa. Timu inayomaliza mkiani mwa Ligi Kuu hushuka daraja, na pamoja nayo hushuka mapato, hadhi, na mara nyingi wachezaji wenyewe, ambao hutawanyika kama kuku walioona mwewe. Kwa hiyo hapa timu haiwezi kusema kuwa itashindwa kwa miaka mitatu ili ijijenge, maana mwaka wa pili itakuwa imekwisha kuondoka katika ligi. Ukanda wa almasi na dhahabu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, umeona jambo hili mara tatu katika muda mfupi.

Stand United ya mjini Shinyanga, ambayo jina lake latokana na stendi ya mabasi, iliingia Ligi Kuu katika msimu wa 2014/2015. Mwaka 2015 kampuni ya madini ya Acacia ikaidhamini, na fedha zikaja nyingi kuliko timu za mkoani zilivyozoea. Mgogoro wa uongozi ukazuka baina ya makundi ya klabu, udhamini ukakatika mwaka 2016, na mwaka 2019 timu ikashuka. Mwadui, ambayo nyumbani kwake ni kwenye mgodi wa almasi katika Wilaya hiyo hiyo ya Kishapu, ilipanda mwaka 2015 baada ya kukaa nje miaka mingi. Ikadumu misimu sita, ikashuka mwaka 2021. Geita Gold, iliyokuwa chini ya halmashauri ya mji na kudhaminiwa na mgodi wa dhahabu, ilipanda mwaka huo huo wa 2021. Msimu wake wa kwanza ulikuwa kama ndoto: ilishika nafasi ya nne, na mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Mwaka 2022 ikawakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika, ikatolewa mapema na Hilal Alsahil ya Sudan. Mpole akaenda kucheza Lubumbashi. Mwaka 2024, misimu mitatu tu tangu ilipopanda, timu hiyo ikashuka.

Wako watakaosema kuwa timu hizi zilikosea kwa kuwania mapema mno. Kabla ya kukubali hukumu hiyo, yafaa hoja ya upande wa pili isikilizwe kwa haki. Mchezaji ana miaka michache ya nguvu, pengine 10, pengine pungufu. Anayemwambia mchezaji wa miaka 29 kuwa timu itakuwa nzuri baada ya miaka mitano amwambia, kwa lugha ya upole, kuwa maisha yake ya mchezo ni kuni za kumpikia mwingine. Vivyo hivyo mzee atokaye Mhunze kwenda Mwadui kutazama mpira hajui kama atauona msimu wa mavuno. Alilipa kiingilio cha leo, naye ana haki ya kuona watu wakishindana leo. Wahenga waliosema kuwa subira yavuta heri ndio hao hao waliosema kuwa ngojangoja huumiza matumbo. Hekima haikujipinga; ilitambua kuwa asifuye subira aghalabu ndiye aliyeshiba.

Tena kuna wa tatu ambaye husahauliwa katika mjadala huu, naye ni jirani. Ligi ni mfano wa kijiji: lifanyikalo katika nyumba moja huigusa nyumba nyingine. Timu ikiamua kutoshindana kwa kuwa yajijenga, humpa mmoja pointi asizozitolea jasho, na pointi hizo huweza kumshusha mwingine aliyepigana hadi dakika ya mwisho. Yule aliyeshuka hakushiriki katika uamuzi ule, ila amelipa sehemu ya gharama yake. Kwa sababu hiyo kushindana kwa kweli si fahari tu ya timu yenyewe, bali ni deni lake kwa wengine wote walioingia naye uwanjani.

Lakini hoja hiyo nayo ina upande wenye giza. Tamaa ya kuupata ushindi wa leo kwa njia yoyote hutoboa dini na desturi. Mwaka 2016 Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania liliziadhibu timu nne za kundi moja la Daraja la Kwanza kwa kosa la kupanga matokeo, baada ya siku ya mwisho ambayo mabao yalimiminika kama mahindi kutoka guniani. Geita ilikuwa miongoni mwa timu hizo nne, na nafasi ya kupanda ikachukuliwa na Mbao ya Mwanza. Basi kumbe wenye kungoja waweza kuiba kama Houston, na wasiotaka kungoja waweza kuuza mchezo. Uovu haukai katika kujenga wala katika kuwania. Wakaa katika kuutazama ushindi kana kwamba ni kitu kinachoweza kutenganishwa na njia yake.

Hapa nchi yenyewe yaweza kuwa mwalimu. Watu wa ukanda huu huishi kwa kazi mbili zisizofanana: kilimo na uchimbaji. Mgodi wa Mwadui ulianzishwa mwaka 1940 na John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, na tangu wakati huo umetoa mawe yaliyovaliwa na wafalme. Lakini almasi iliyotolewa ardhini haioti tena. Kinachobaki ni shimo. Mtama uliovunwa huacha punje za kupanda. Timu inayonunua wachezaji kumi kila mwaka kwa fedha za mfadhili huchimba. Huweza kupata jiwe la ajabu, kama Geita ilivyompata mfungaji wa mabao 17, lakini mfadhili akigeuka au jiwe likinunuliwa, shimo hubaki wazi. Timu inayowalea vijana wa Kishapu, wa Kahama na wa Geita hulima. Mavuno yake ni madogo na huchelewa, ila kila mwaka huacha mbegu.

Je, imeamuliwa basi kuwa kujenga ni bora? Bado. Neno “tunajenga timu” limekuwa kinga ya viongozi wengi wa michezo nchini. Husemwa baada ya kufungwa, ni nadra kusemwa kabla. Kujenga ni ahadi, na ahadi ya kweli ina mambo matatu: ina siku yake, ina mashahidi wake, na mwenye kuahidi hutoa sehemu yake mwenyewe. Kiongozi anayewaomba mashabiki wavumilie miaka mitatu, ilhali yeye hatapungukiwa na cheo wala posho ahadi isipotimia, hajawaomba subira. Amewakopa bila dhamana. Kaya inapoficha mbegu, baba naye hulala njaa. Hiyo ndiyo inayoifanya njaa ile kuwa ya heshima. Baba akila gizani huku watoto wakiambiwa wangoje mvua, mbegu ile imekwisha kuwa wizi.

Kosa kubwa zaidi la mjadala huu liko katika kudhani kuwa mbegu huhifadhiwa kwa kutoguswa. Mbegu isiyotiwa udongoni huliwa na wadudu. Haiwi mbegu kwa sababu imefungiwa ndani ya kapu, bali kwa sababu siku moja itatupwa katika ardhi, penye jua, ndege na hatari ya ukame. Kijana wa mpira naye ni vivyo hivyo. Akilelewa katika timu iliyokubali kushindwa, hujifunza kushindwa, na somo hilo halifutiki kwa kuambiwa kuwa sasa wakati wa kushinda umefika. Akiingizwa katika mchezo ambao wenzake wanauwania kwa moyo wote, hata wakifungwa, atakuwa amepandwa. Kwa hiyo kushindana si adui wa kujenga. Kushindana ndiko kupanda kwenyewe.

Jambo hili halikosi mifano. Mwaka 2024 Simba ya Dar es Salaam iliachana na wachezaji wake wengi wakongwe, ikasajili wapya, na ikatangaza kuwa yajenga. Hata hivyo haikuacha kuwania. Ilimaliza nyuma ya Yanga, na mwezi Mei mwaka 2025 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikashindwa na RS Berkane ya Morocco. Atasema msomaji kuwa Simba ni tajiri, na kuwa tajiri huweza kula na kupanda kwa siku moja. Ni kweli. Basi na atazamwe asiye tajiri. Mtibwa Sugar ya Morogoro, bingwa wa mwaka 1999 na 2000, ilishuka pamoja na Geita mwaka 2024. Timu hiyo imejulikana kwa muda mrefu kwa kuwalea vijana, na mwaka 2025 ikarejea Ligi Kuu kama bingwa wa daraja la chini. Kurejea huko kulikuwa na sababu nyingi, wala haifai kumpa kijana sifa zote. Lakini timu iliyoanguka juu ya udongo wake mwenyewe huwa na mahali pa kuweka mguu inapotaka kuinuka.

Kwa timu za Kishapu, Shinyanga na Geita, basi, wajibu ni mmoja wenye pande mbili. Waliopo leo wadai kushindaniwa, nao hawadai kushinda, kwa kuwa ushindi hakuna awezaye kuuahidi. Wasiozaliwa bado wadai kuachiwa mbegu. Deni la pili halilipwi kwa kulikana la kwanza, wala la kwanza halilipwi kwa kuliiba la pili. Inawezekana timu iwapange vijana wake, ipigane kila Jumamosi, na bado ishuke. Mvua haina ahadi, na mpira hauna ahadi. Lakini iliyoshuka hivyo imepoteza ligi tu. Iliyoshuka baada ya kuchimba kila kitu imejipoteza yenyewe, na atakayekwenda kuitafuta atakuta uwanja na jina.

Katika kaya za Mhunze, mwaka wa njaa, wazee hawakai mbele ya kapu wakibishana kati ya kula na kungoja. Hutoka kutafuta kibarua, hupunguza tonge, na wingu la kwanza likionekana, hupanda.